Msimu wa Haikufika

Jumatatu, Aprili 2

Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo nimeibiwa na mtu aliyeniambia asante.

Naandika ili nisipasuke. Mume wangu nikimweleza mambo ya kazi yangu anasikiliza neno la kwanza na la pili, la tatu linamkuta amelala. Ni fundi makochi, kutwa anapigana na misumari na sponji, simlaumu. Basi karatasi itanisikiliza, haina pa kwenda.

Ilikuwa hivi. Nimepanda mpaka ghorofa ya nne, lifti mbovu, begi la chakula mgongoni, koti la mvua linachuruzika mpaka ndani ya viatu. Mwanamume akafungua mlango, taulo shingoni. Akapokea piza zake kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana dada, pole na mvua." Nikashuka nimefurahi, maana siku hizi mtu wa kukupa pole unamtafuta kwa tochi. Sijaifikia hata pikipiki, simu ikalia. Mteja amelalamika: oda haikufika.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Yule dada wa huduma ana sauti laini, hata akikutukana unaweza kusema asante. "Tunasikitika, dereva. Una picha ya mzigo mlangoni?" Nikamwambia mteja akipokea mkononi hatupigi picha, ndiyo sheria yenu wenyewe. Akasema mteja amethibitisha kwamba hakupokea. Nikamuuliza, na mimi ninayethibitisha kwamba alipokea, mimi ni nani? Akaniomba nisubiri, akaniwekea muziki.

Bei ya piza itakatwa kwenye malipo yangu. Kampuni haipotezi, mgahawa haupotezi, mteja ameshiba. Mzigo wote unamwangukia aliyelowa. Hilo silikubali. Naandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau: silikubali.

Jumatano, Aprili 4

Mvua. Soksi hazikauki. Hakuna jipya.

Ijumaa, Aprili 6

Kijiwe chetu ni baraza la duka la vyuma ambalo mwenyewe alilifunga zamani akaenda zake. Tunakaa hapo, pikipiki zimepangwa, kila mtu ameshika simu akingoja ilie. Leo mvua imetufungia pamoja muda mrefu, tukaanza kuonyeshana vidonda. Kila mmoja ana haikufika yake. Spidi, kijana wetu mwenye mbio, alipeleka keki ya siku ya kuzaliwa. Anasema wakati anashuka ngazi aliwasikia kabisa wakiimba na kupiga makofi, na bado keki ikawa haikufika.

"Labda waliimbia mshumaa," akasema Mzee Taratibu.

Huyu ndiye mkubwa wetu. Anaendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. "Mwenda pole hajikwai," husema kila tunapomtania, na Spidi humjibu, "Hajikwai Mzee, ila viazi vinafika vimezeeka." Mimi wananiita Mama Breki, na sababu sitaiandika hata humu.

Mzee ana malalamiko mawili tayari. Mimi moja. La tatu wanakufungia akaunti, halafu wanakupa mpaka mwisho wa mwezi ujieleze, na ukishindwa ndiyo kwaheri. Nikasimama juu ya kreti la soda nikawaambia: kuanzia leo kila mteja akipokea mkononi, tunapiga picha. Sura haturuhusiwi, lakini miguu nani ametukataza? Mfuko na miguu yake, mlangoni kwake. Wakacheka mpaka Mzee akashikwa na kikohozi. Wacheke. Mimi nimeanza leo leo.

Jumamosi, Aprili 7

Picha za miguu kutwa nzima. Watu hawakati kucha.

Jumapili, Aprili 8

Tumekula kwa wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Amehamia nyumba mpya, geti la kijani, sebule ina kochi alilotengenezewa na kaka yake bure. Wifi ni mapokezi kwenye ofisi fulani kubwa, kucha zake ndefu, kicheko chake kirefu zaidi. Jumapili hii ni ya tatu mfululizo anatualika. Meza ilijaa: kuku, nyama ya kukaanga, saladi, keki. Vyote ameviagiza, akavihamishia kwenye vyombo vyake vizuri.

Mama mkwe alikuwepo. "Huyu mtoto ana mkono mkunjufu," akasema, huku ananitazama mimi, ambaye nikimkaribisha anakula maharage. Nikameza kimya. Ukweli niseme: nilimwonea wivu. Nilijiuliza mtu wa mapokezi anapata wapi za kufanya karamu kila wiki, halafu nikajikemea, nikaongeza kuku.

Jumatano, Aprili 11

Yule wa ghorofa ya nne ameagiza tena, na simu imenipa mimi. Spidi akaniambia kataa. Nikasema ndiyo kwanza naitaka. Nilipanda ngazi zote. Akafungua, akapokea, mimi nikainama, nikampiga picha ya miguu.

"Unafanya nini, dada?"

"Kumbukumbu, kaka. Una ndala nzuri."

Akabaki ameduwaa. Nimeingoja ile haikufika mpaka nimerudi nyumbani, haikuja. Leo nitalala usingizi wa mshindi.

Alhamisi, Aprili 12

Leo mvua haikunyesha, ilimwagwa. Barabara ya sokoni iligeuka mto. Nilimkuta Mzee Taratibu amesimama kando, pikipiki yake imeingia maji imezima, amelikumbatia begi la chakula chini ya koti lake.

"Breki, mwanangu, niokoe. Mteja anangoja."

Hapa inabidi nieleze. Kampuni inakataza kupokezana: oda ukiipokea wewe, uifikishe wewe. Lakini walioandika sheria hiyo hawajawahi kuzimiwa na pikipiki katikati ya maji. Sisi tunapokezana. Unampa mwenzako mzigo, yeye anaufikisha, anakupigia "nimempa", nawe unabonyeza kwenye simu yako kwamba umefikisha. Hakuna kijiwe kisichofanya hivyo. Ni kama kuazimana pampu.

Nikauliza wapi. Akasema, "Geti la kijani, nyuma ya shule, nyumba ya kwanza kulia. Anajiita Malkia." Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Kwa wifi! Nikaona leo nitamfanyia vituko.

Nikafika, nikapiga honi. Akatoka na mwavuli, simu sikioni, anaongea na mtu mambo ya nywele. Akanyoosha mkono, akauchukua mfuko, akasema "asante" kwa upande ule usio na simu. Nilikuwa na koti mpaka magotini na kioo cha helmeti kimejaa maji. Hakuniangalia. Nikataka nimwite, simu yangu ikalia oda nyingine, nikasema acha, nitamtania Jumapili. Picha ya miguu sikupiga. Oda si yangu, picha kwenye simu yangu ingekuwa ya nini?

Nikampigia Mzee: "Nimempa mkononi." Akabonyeza palepale alipokuwa amesimama kwenye maji.

Ijumaa, Aprili 13

Mzee Taratibu amefungiwa.

Nilifika kijiweni nikamkuta amekaa kwenye kreti, helmeti mapajani, simu ameiweka kifudifudi. Ile oda ya jana, kuku nusu. Geti la kijani. Haikufika.

Akaendelea kueleza taratibu kama kawaida yake. Ramani ya kampuni inaonyesha simu yake ilibaki barabara ya sokoni, haikukaribia hata mtaa wa yule mteja, na akabonyeza "nimefikisha" akiwa huko huko. Kwa macho ya kampuni huyu ni mtu aliyesimama kando ya barabara akala chakula cha watu. Na hawezi kusema alimpa mwenzake, kwa sababu kupokezana nako ni kosa, na atakuwa amenitaja mimi.

Tena si akaunti ya hivi hivi. Siku hizi kampuni hizi zote zimeweka kikomo cha umri kwa dereva mpya. Mzee alisajiliwa kabla kikomo hakijawekwa. Hii ikifutwa, hakuna pengine pa kumpokea, na pikipiki yake itakuwa ya kuanikia nguo.

Wote wakanigeukia.

"Breki," akasema Spidi, "si wewe uliyeubeba?"

"Niliufikisha. Nilimpa mtu mkononi."

"Nani?"

Na mimi, mwenye mdomo wa kuhutubia juu ya kreti, nikasema, "Mwanamke. Alikuwa na mwavuli."

Jumamosi, Aprili 14

Kijiweni nimefika mazungumzo yakakatika. Spidi akauliza, bila kunitazama, "Mama Breki, miguu ya kuku umeipiga picha?" Wengine wakacheka kile kicheko cha puani.

Mimi. Mimi niliyewafundisha kupambana na wezi, sasa ndiye mwizi wa kuku nusu. Nimeondoka kabla sijamrushia mtu helmeti. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyonifikiria. Wasichojua ni kwamba na mimi ninayo nguo yangu, na ndani yake kuna anayenila.

Kesho ni Jumapili. Naenda kula kwa wifi.

Jumapili, Aprili 15

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Mume wangu na mama yake walikuwa sebuleni. Mimi nilimfuata wifi jikoni, sahani yangu mkononi.

"Wifi, Alhamisi uliagiza kuku?"

"Alhamisi? Labda. Kwani vipi?"

"Alifika?"

Akaangua kicheko, akanisogelea. "Wewe ni mtu wa ndani, nikufiche nini? Alifika. Ila mimi nikasema hakufika, pesa zikarudi. Unabonyeza tu, wala hawakuulizi. Rafiki yangu wa kazini ndiye alinifundisha. Si kila mara, usije ukafikiri nina tamaa. Mara moja moja."

"Aliyekuletea ni mimi."

Kicheko kikakatika. "Wewe? Mbona hukusema?"

"Mbona hukunitazama?"

Akawa anapanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamweleza Mzee, pikipiki kwenye maji, akaunti, kikomo cha umri. Alisikiliza, hilo sitamnyima. Halafu akasema maneno ambayo mpaka sasa yananichoma:

"Lakini wifi, mimi sikuchukua kwa mtu. Nilichukua kwa kampuni. Kampuni ina pesa kama mchanga."

"Kampuni haijatoa hata senti. Imemkata yeye, na kumfungia imemfungia."

"Hayo sikuyajua."

"Sasa unayajua. Piga simu useme kuku alifika."

"Wanifungie mimi? Jina langu liandikwe huko kwamba ni mwizi? Nitampa huyo mzee bei ya kuku wake, na nauli juu."

"Hataki kuku. Anataka useme alifika."

Akashusha sauti. "Na wewe usijifanye malaika. Hicho kilichoko kwenye sahani yako, unafikiri nimekilipia?"

Nikaiangalia sahani. Nikaiweka kwenye sinki na vilivyomo. Nikapita sebuleni, nikamwambia mume wangu nina kichwa kinauma, nikatoka. Njiani nilisimamisha pikipiki nikalia kwa hasira. Jumapili zote zile. Nimekula jasho la madereva wenzangu, nikaomba na kuongezewa.

Jumatatu, Aprili 16

Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Wifi ameshamweleza, kwa namna yake.

"Mwanangu, mambo ya ndani yanaishia ndani."

"Mama, mficha uchi hazai."

"Usinipigie methali, mimi nilikuwa nazo kabla yako. Huyo ni wifi yako. Mzee huyo ni nani kwako?"

Nikasema ni mtu aliyenipa mzigo akaniamini. Akasema nimekuwa na kiburi tangu ninunue pikipiki. Akakata.

Jumatano, Aprili 18

Mvua. Hakuna aliyenisalimia kijiweni isipokuwa paka.

Alhamisi, Aprili 19

Nimemwambia mume wangu yote, kwenye karakana yake, mchana, akiwa hana njia ya kusinzia. Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye mkono wa kochi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kitinda mimba wetu," akasema. "Nimembeba mgongoni yule."

"Na Mzee Taratibu nani anambeba?"

Akaendelea na nyundo. Nikamwambia Jumatatu ofisi ya kampuni ikifunguliwa nitakuwa mlangoni, na nitasema nani alipeleka, nani alipokea, na ni nani wangu. Nikasema namwambia mapema ili asije akaambiwa na mama yake.

Akang'oa msumari aliokuwa ameupigilia vibaya. Ndiyo jibu pekee nililopata.

Ijumaa, Aprili 20

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee. Chumba na sebule, kiti kimoja cha wageni, ambacho alikipangusa kwa kiganja kabla sijakaa. Bibi yake alikuwa anachambua mboga mlangoni. Pikipiki imeegeshwa ndani, karibu na kitanda, imefunikwa shuka. Kuiona ile shuka kuliniuma kuliko maneno yote ya Spidi.

Nikamwambia: "Mzee, yule Malkia ni wifi yangu. Amekiri kwangu. Kuku alimla yeye."

"Mimi nilijua hukula wewe."

"Ulijuaje?"

"Wewe ungekula, ungerudi kunidai chumvi."

Nilicheka huku machozi yanataka kutoka. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda ofisini. Akatikisa kichwa. "Ukisema ulibeba, na wewe watakufungia. Ndoa yako nayo itayumba. Usivunje nyumba kwa ajili ya kuku nusu, mwanangu."

"Mzee, wewe ni mtu wa taratibu. Mimi si mtu wa taratibu. Saa mbili asubuhi uwe umevaa."

Bibi yake, ambaye nilidhani hasikii, akasema kutoka mlangoni, "Atakuwa amevaa."

Jumapili, Aprili 22

Hatukwenda kwa wifi. Tumekula maharage. Mume wangu hajasema kitu kutwa, ila wakati wa kulala akauliza, "Kesho unatoka saa ngapi?"

Jumatatu, Aprili 23

Niliamka nikakuta mume wangu amevaa shati la kutokea. Karakana haikufunguliwa. Akakaa nyuma yangu kwenye pikipiki, akanishika kiunoni kama abiria mwoga. Tangu tuoane sijawahi kumbeba. Tukampitia Mzee, aliyetangulia mbele yetu na pikipiki yake kwa ule mwendo wake, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikupiga honi.

Ofisi ya kampuni ni chumba cha juu, kapeti la kijivu, feni linalozunguka bila kupuliza mtu. Msimamizi ni kijana mpole mwenye uchovu machoni. Alifungua kompyuta akatuonyesha ramani: nukta ya Mzee, imekwama barabara ya sokoni.

"Mzee, hapa hata ningependa kukusaidia, nasaidiaje?"

Mzee akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Huyo hakufika kwa sababu mzigo niliubeba mimi. Pikipiki yake ilizima, tukapokezana. Tazama nukta yangu siku hiyo, saa hiyo."

Msimamizi akasita. "Dada, unajua unachokisema? Nikikiandika, kinakuwa kosa lako na lake. Naweza kuwafungia wote wawili kabisa."

"Andika."

Akatafuta nukta yangu. Ikatokea, nyuma ya shule, mbele ya geti la kijani. Akaitazama muda. Kisha akasema kufika getini si kukabidhi, bado mteja ana neno lake. Nikamwambia basi mpigie mteja. Akapiga, akaweka sauti juu ya meza ili wote tusikie.

Wifi akapokea kwa ile sauti yake ya mapokezi. Msimamizi akajitambulisha, akauliza kama oda ya tarehe kumi na mbili ilimfikia.

"Haikufika," akasema wifi. "Siku hiyo nililala njaa."

Nilisikia mkono wa mume wangu ukikaza begani kwangu. Mzee akakohoa, kile kikohozi chake kirefu cha mvua, akajaribu kukizuia kwa leso, kikakataa. Tulingoja kiishe. Na wifi kule upande wa pili naye akangoja.

Nikainama kwenye simu. "Wifi, ni mimi. Niko ofisini. Huyo anayekohoa ndiye Mzee."

Feni likazunguka. Nikasikia simu ya mezani ikilia kule kazini kwake, haikupokelewa.

Mume wangu akasema, "Mdogo wangu. Na mimi nipo."

Hakupandisha sauti. Sidhani kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule.

"Ilifika," akasema wifi. Halafu akakata simu.

Msimamizi akaandika kwa muda mrefu. Lalamiko limefutwa. Lakini kupokezana ni kupokezana: adhabu ni wiki mbili nje ya kazi, kwa wote wawili. Za Mzee zinahesabiwa tangu siku alipofungiwa, kwa hiyo Ijumaa anarudi. Zangu zinaanza leo. Akaunti ya Malkia imefungwa moja kwa moja.

Nikauliza kama ameandika pia kwamba siku ile barabara ilikuwa mto. Akasema hakuna sehemu ya kuandika hilo. Nikamwambia atafute. Sikuondoka mpaka nilipomwona ameandika.

Jumanne, Aprili 24

Spidi amekuja mpaka nyumbani na soda ya kunitaka radhi. Nimeinywa yote mbele yake, kisha nikamsamehe.

Ijumaa, Aprili 27

Mzee amerudi barabarani. Nimepita kijiweni kwa miguu kumwona akiondoka na oda yake ya kwanza. Aliondoka taratibu mpaka Spidi akamuuliza kama anasukuma au anaendesha. Mimi huku natafuna kidole, kazi siruhusiwi, na mvua imeacha kwa makusudi kabisa.

Jumanne, Mei 1

Nimemsaidia mume wangu karakana. Nimejipigilia dole gumba. Mama mkwe amempigia simu mwanawe, akasema nimemwanika binti yake juani. Mume wangu akamjibu, "Mama, alikuwa amelowa." Sasa hapokei simu zetu.

Jumapili, Mei 6

Mvua imerudi leo, nyepesi, ya kuaga.

Tulikuwa tunakaribia kula, mlango ukabishwa. Wifi. Hana mwavuli, hana kucha, sijui amezikata lini. Sikumkaribisha upesi, nakiri. Nilisimama mlangoni nimeujaza.

"Sijaja kukaa," akasema. "Nataka unipeleke kwa yule mzee."

"Kufanya nini?"

"Wifi, siku zote nilikuwa najiambia ni kampuni. Kampuni tu. Siku ile kwenye simu nikamsikia anakohoa." Akajipangusa uso. "Kumbe kampuni inakohoa. Tangu siku hiyo sipati usingizi."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa wiki mbili. Yalikuwa mazuri, niliyapanga usiku na mchana. Sikuyatumia. Nikachukua funguo.

Alikaa nyuma yangu, begani kwangu amenishika kwa woga. Tulipofika, Mzee na bibi yake walikuwa ndiyo kwanza wametandika mkeka ili wale. Wifi hakungoja kukaribishwa. Akapiga magoti pale mlangoni na nguo zake zimelowa.

"Mzee, mimi ndiye niliyesema chakula hakikufika. Kilifika. Nisamehe."

Mzee akamtazama. Nilitaka amkemee, hata kidogo. Badala yake akauliza, "Kilikuwa kitamu?"

Wifi akafikiri kweli kweli, nikamwona anavyotafuta.

"Sikumbuki, Mzee," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Hata sikumbuki nilikula nini."

Mimi nilishikwa na hasira upya, nikageuza uso ukutani. Mtu amewekwa nje ya riziki yake, ameifunika pikipiki shuka kama maiti, kwa kitu ambacho aliyekila hakikumbuki.

"Mimi nakumbuka," akasema Mzee. "Kuku nusu, viazi, na juisi ya embe. Nilivishika kifuani visilowe."

Bibi yake alikuwa ameshanyanyuka. Akaleta sahani, akapakua wali na mboga, akaongeza, akaiweka juu ya mkeka mbele ya wifi. Mzee akasogea kumpisha nafasi.

"Kaa ule, mwanangu," akasema. "Hiki utakikumbuka."